Aliyepiga Reki Ulipoanguka

Mpendwa Mama,

Namjua aliyefuta alama zako mchangani. Nimemjua tangu Jumatatu na sijamwambia mtu, hata Baba, ambaye huliuliza swali hilo kila tukiketi kula. Naandika haraka. Nisamehe mwandiko.

Unakumbuka lile lundo la mchanga nyuma ya nyumba hapa Satellite, la vyumba vya kupangisha ambavyo Baba hajavimaliza hadi leo? Ulikuwa ukirudi kutoka kilabuni Karen, mabega yakikuuma kwa kubeba mabegi ya wachezaji wa gofu, na badala ya kupumzika unaniita nje na ile fimbo yako ya kutolea mpira mchangani. Majirani walitucheka. "Mama Shiro, huyo mtoto atalima nini na hiyo kitu?" Nawe ukawajibu, "Ngojeni tu. Mtanunua tikiti mkitaka kumwona!" Mimi nilitamani kujificha. Ulisimama nyuma yangu ukanishika viwiko. "Usipige mpira. Piga mchanga ulio nyuma yake, mpira utatoka wenyewe."

Halafu, kabla sijafurahi, unanipa reki. "Sawazisha. Mtu akitoka kwenye banka, lile bonde la mchanga la uwanjani, haachi alama. Anayekuja nyuma ana haki ya mchanga safi." Kwenye mchanga wa fundi, Mama! Kuku walikuwa wanangoja tuondoke tu wapite hapo. Lakini tulisawazisha.

Kesho yake baada ya wewe kuanguka na usirudi tena nyumbani, Baba alikwenda kilabuni. Alitaka tu kuona mahali. Akakuta banka imelainishwa, hakuna alama ya kiatu, hakuna pale magoti yako yalipogusa chini. Alirudi akaketi bila kuvua koti. "Wamemfuta mke wangu kama chaki ubaoni," akasema. Tangu siku hiyo haturuhusiwi kukanyaga kule. Vyumba vyake hataki hata kuvitazama. Anachouliza ni kimoja: nani alifuta? Anasema siku akimjua, mtu huyo hataingia kwetu tena mpaka yeye Baba afe.

Na mtu pekee wa kule anayempokea ni Auntie Wambui, ambaye mlibeba mabegi pamoja miaka yote hiyo. Kila Jumapili akitoka kanisani anapitia madukani Adams kununua nyama, anakuja kutupikia. Siku nyingine Baba anasukuma tu sahani. Auntie akiwepo, anakula.

Jumatatu Baba alinituma tao, katikati ya jiji, nikaulizie chuo cha ukarani, maana shule nimemaliza na nimekaa tu. Niliulizia. Kisha nikapanda gari la Karen. Unajua nilivyo, huwa naogopa hata kumwambia makanga nataka kushuka. Lakini Jumatatu ndiyo siku ambayo nyinyi makedi mnaruhusiwa kucheza wenyewe badala ya kuwabebea wengine, na nilijua Auntie atakuwepo.

Aliponiona langoni alishika mdomo. "Shiro! Babako anajua?"

Nilitikisa kichwa. Alinipeleka mpaka shimo la saba, kwenye ile banka.

Sijui nilitarajia nini. Mchanga ulikuwa mweupe, mistari ya reki imenyooka kama nywele zilizochanwa asubuhi. Nikauliza, "Auntie, ni nani alifuta?"

Akaketi ukingoni. "Ni mimi."

Mama, masikio yangu yaliziba. Niliona midomo yake ikienda, na maneno yakanifikia baadaye.

"Mchezaji wake alikuwa ameshapiga, mamako akaingia kusawazisha, akaanguka na reki mkononi. Walipombeba kwenda hospitali, kuna wachezaji wengine walikuwa wamesimama nyuma wanangoja. Nikachukua hiyo reki, nikamalizia pale alikuwa amefika. Nilijua jioni atatoka hosi aniulize, 'Wambui, uliacha banka yangu hivyo?' Si unamjua mamako? Angenipigia kelele mpaka Ngong. Sikujua, Shiro. Haki ya Mungu sikujua."

Nilimtazama tu, huyu aliyetupikia Jumapili zote hizo akilisikiliza swali la Baba, akiinamia sufuria.

Mwishowe akachomoa fimbo yako, aliyoitunza tangu siku ile, kutoka begi lake, akatupa mpira mchangani. "Piga. Piga kitu, usisimame hivyo."

Nikapiga kwa nguvu zote, jinsi nilivyozoea nyumbani. Mpira ukaruka juu ya majani yote yaliyokatwa vizuri, ukapotelea kwenye ua wa miiba ya kayaba.

"Wewe!" Auntie akapiga kelele, machozi yakiwa bado mashavuni. "Huu si mchanga wa lori! Hii ni unga, pole pole!"

Na nikacheka. Hapo hapo ulipoanguka, Mama, nilicheka mpaka nikashika tumbo, na kicheko hicho kimenishtua kuliko yote niliyosikia. Mpira wa pili ulitoka taratibu, ukaviringika karibu na bendera. Kisha bila kuambiwa nikachukua reki na kusawazisha, nikirudi kinyumenyume. Nilipofika ukingoni niligeuka nione kama umeridhika.

Ndipo nikamwelewa Auntie.

Aliponisindikiza barabarani aliniambia, "Ukitaka kumwambia babako, mwambie. Mimi nitakuja tu Jumapili. Afungue, asifungue."

Kesho ni Jumapili. Nimejaribu kuyapanga maneno wiki nzima, lakini Baba atasikia nusu ya kwanza tu. Hatangoja kufika pale Auntie alipodhani utarudi. Na mlango ukishafungwa, sijui nani mwingine atamfanya ale.

Baba anasema huwa unamjia usingizini, mnaongea. Usiku wa leo ukija, tafadhali, mwambie lolote lile. Mwambie hata kwamba nilikwenda, nitapokea adhabu yangu. Lakini akikuuliza nani alifuta, usimtaje, Mama. Muulize tu kama amekula.

Lala salama.

Ni mimi, binti yako wa pekee.