Ndege ya Wanga wa Kofia

Kaka Abudi mpenzi,

Jana mjukuu wangu Zuhura alinipeleka kiwanja cha Makadara kuona ndege yake ya kuchezea, ile inayoongozwa kwa redio. Ikienda mrama anabonyeza kidude mkononi, inanyooka. Nikacheka peke yangu. Yetu sisi ikishatoka mkononi imetoka, na Mungu ndiye rubani.

Unakumbuka? Wakati wa vita, ndege za Wazungu zikipita juu ya Kilindini, nawe darini shingo juu hata chai inapoa. Ukatengeneza yako kwa fito za mwanzi na karatasi, pangaboi likizungushwa na mpira wa tyubu. Mimi nilikuwa nashona kofia, ukanipa bawa nilitie wanga ili karatasi ikaze. Nikalianika juu ya faruma, lile gogo la kukaushia kofia, kama nilivyozoea. Bawa hilo, la kushoto, likakauka limepinda kama mgongo wa kofia!

Mara ya kwanza ndege ilipinda kushoto ikaingia dirishani kwa jirani. Mara ya pili kushoto tena, ikamwangusha baba kilemba.

"Ikigwa tena naitia mekoni," baba alisema, "nawe utakuja ukae dukani kwangu."

Wewe dukani! Hata kwenye kiti cha kinyozi ulikuwa hutulii. Nilikuonea huruma, kwani ndege ndiyo iliyokuwa roho yako.

Hukunilaumu. Uliinua ndege usawa wa macho, ukaitazama kwa nyuma. "Njoo uone, Mwanesha. Bawa hili limenuna."

Ukaleta birika linalochemka. Tukalishika bawa juu ya mvuke, wewe huku mimi kule, tukalikunjua polepole hata likalala sawa na mwenzake. Kisha ukabandika nta puani mwa ndege, ukabandua kidogo, ukaongeza, mpaka ndege ikatulia mizani juu ya vidole vyako.

Jioni ile Makadara baba alisimama mikono nyuma, nami nasoma kila sura niliyoijua. Ukaiachia. Ikapanda, ikazunguka kiwanja kizima, ikashuka taratibu karibu na viatu vya baba. Watu wakashangilia.

"Abudi, umeifanya peke yako?" mmoja akauliza.

"Mimi na dadangu yule," ukajibu, ukinionyesha nilipojificha nyuma ya buibui la mama. Kaka, hata siku ya harusi yangu sikuona fahari kama ile.

Baba aliichukua ndege mwenyewe, akatupitisha njia ndefu, kila baraza akisimama kuamkia watu. "Kazi ya wanangu hawa wawili," akawaambia, hata wasiouliza. Tulifika nyumbani chakula kimepoa, na la duka halikutajwa tena.

Tangu utangulie mbele ya haki sijapata wa kumkumbusha haya. Basi jana nilimwambia Zuhura aweke kidude chini, airushe kwa mkono tu. Ikaenda kushoto.

"Twende nyumbani," nikamwambia, "ukaniletee birika."

Lala salama, kaka. Najivunia kuwa wako.

Nduguyo mdogo,
mshika bawa