Shemeji Isufu na Dawa ya Kamati

Jumatatu, 16 Juni
Kaa wanne tu leo. Tope hadi kiunoni. Mmoja kanibana kidole gumba, nikamtukana kwa Kindengereko ndipo akaachia. Nafika nyumbani nanuka mikoko, nakuta viatu vya bei mlangoni. Dada Zuhura kaja na mumewe kwa boti ya mchana. Anaitwa Isufu, mtu wa Burkina Faso, anacheza mpira Ubelgiji. Walioana Dar, sisi huku tuliona picha tu. Mrefu, mpole, Kiswahili cha kuokota. Kaniamkia shikamoo. Mimi! Nikaitikia marahaba. Nani anakataa heshima?

Jumanne, 17 Juni
Nimeshawatangazia Mbuchi nzima. Uwanjani wamejaa hadi kina mama wa mpunga. Tukamrushia mpira. Kaushika kwa mikono, kanirudishia, kasema goti linapumzika. Basi hata danadana? Athumani, winga wetu, anayenionea wivu tangu nimepewa namba tisa, akasema kwa sauti: "Mudi, shemeji yako fundi bomba huyo. Muulize kama ana spana." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni sikucheka.

Alhamisi, 19 Juni
Nimeanza kumchunguza. Kila magharibi anakwenda gatini, ndiko mtandao unakoshika, anaandika kitu kwenye simu. Leo nilijifanya nafua wavu nyuma yake. Nimesoma kwa macho yangu: Mbuchi. Halafu saa. Halafu jina la baba, ambaye analala kwake. Anamwandikia nani? Mtu gani Ulaya anataka kujua mtu kalala wapi Mbuchi? Huku kwetu mgeni wa kuandika-andika hatumpendi, na tuna sababu zetu. Baadaye akapiga simu kwa Kifaransa, anazunguka huku na huku. Kifaransa sikijui. Sauti ya kubembeleza naijua.

Jumamosi, 21 Juni
Hali chakula cha mtu ila alichopika Zuhura. Kakohoa, Mama kamchemshia mwarobaini. Kashika kikombe, kashukuru, kakirudisha kimejaa. Mama kanuna mpaka jioni. Mjomba Kitwana kaniambia pembeni, "Huyo ana lake." Nimekubali. Mpira hachezi, dawa hanywi, kila siku anaripoti. Naanza kuona aibu kwa niliyoyatangaza.

Jumapili, 22 Juni
Mechi imepangwa. Sisi na Mohoro, Ijumaa baada ya swala, imalizike kabla maji makuu ya bamvua hayajaingia goli la upande wa mtoni. Kamati ya ufundi imekaa. Asiyejua atadhani wanachora mbinu. Wanachemsha dawa. Mwenyekiti ni Mjomba Kitwana. Kila atakayevaa jezi anakunywa, na dawa haimwagwi chini hata tone. Ikimwagwa, timu nzima inafungwa miguu. Hilo hata watoto wanalijua.
Shemeji kaombwa akae benchi tu, Mohoro wamwone watetemeke. Kakubali jezi. Dawa kakataa. Kamati wakaangaliana. Ama ana yake kali zaidi, ama Mohoro wameshamfikia. Juzi mwenye boti wa Mohoro alimpa samaki. Nilimwona.

Jumatano, 25 Juni
Mjomba kanipa kichupa kilichokuwa cha dawa ya macho, kimejazwa dawa ya kamati. "Wewe unalala naye nyumba moja. Kwenye chai, kwenye maji, utajua mwenyewe. Kirudi kitupu." Kanichagua mimi, si Athumani. Nimefurahi, sifichi.
Nikamtania Zuhura: "Dada, mumeo mpelelezi?" Hakucheka. Kasema kuna watu wa kupima wachezaji, wanakuja popote bila hodi, wanamkojolesha kwenye kikopo. Ndiyo maana lazima waandikiwe kila siku alipo. Wakikuta kitu wasichokitaka, hata cha mizizi, hata kama hakujua, anafungiwa miaka. Na timu yake imeshamwacha. Amepata nyingine ya chini huko huko, inamwita wiki ijayo apimwe goti, damu na mkojo. Akikosa hiyo basi. Kwa pasipoti bado kijana, kwa miguu ameshafika kustaafu.
Sikuamini. Nani apande boti kutoka Nyamisati kufuata mkojo? Mtu ametunga uongo mzuri, kamjaza dada yangu.

Alhamisi, 26 Juni
Nimemfuata asubuhi. Anakimbia kwenye tuta la mpunga peke yake. Anakwenda vizuri, jamani. Huyo ni mchezaji kweli, hilo nimeliona. Halafu kaketi, kalikamata goti kwa mikono miwili, kakunja uso. Kageuka, kaniona. Hakutabasamu. Nikadhani na yeye ananichunguza mimi. Kichupa kilikuwa mfukoni.

Ijumaa, 27 Juni
Naandika nimelala ubavu. Tumbo.
Kabla ya mechi, kamati imetuzunguka, Mjomba ananikazia macho. Shemeji akaja na chupa yake ya maji, akaninong'oneza kwa Kiswahili chake kibovu: "Shemeji, hapa watu wote mimi naogopa. Wewe hapana. Shika. Mtu asiguse." Kanipa. Katika Mbuchi nzima kanichagua mimi, mwenye dawa mfukoni.
Nilikwenda nyuma ya madarasa ya shule, pale kando ya uwanja. Kumwaga siwezi. Kumwekea nikashindwa. Nikanywa mwenyewe, juu ya ile niliyokunywa na wenzangu. Chungu kama nyongo ya papa.
Hata filimbi ya kwanza sikuisikia vizuri. Nilikuwa kwenye mikoko nimeshika mti. Namba tisa wa Mbuchi, ambaye hata Ngarambe wananijua (sijafika, ila wananijua), nimechuchumaa. Wakabaki kumi. Mtu wa ziada alikuwa mmoja tu.
Kaingia yeye. Kanuni za mwili wake zote kaziacha, kaingia. Beki, anatembea tu, na mpira unamfuata yeye. Mohoro wakamchapa buti mbili za makusudi. Kampa Athumani pasi moja ndefu, Athumani kafunga. Moja bila. Maji yakaingia golini tukashangilia humo humo.
Mjomba kanishika mkono nikampa kichupa kitupu. Katikisa kichwa kwa furaha.

Jumamosi, 28 Juni
Wameondoka na boti ya asubuhi. Goti limevimba, Zuhura kamshika kupanda. Mimi ndiye niliyemtia uwanjani. Aliniuliza tumbo linaendeleaje. Nikasema ni kaa mbovu. Chupa yake nilimrudishia imejaa, kizibo hakijafunguliwa. Alikikagua kwanza ndipo akaipokea. Simlaumu.

Jumatatu, 14 Julai
Zuhura kapiga. Goti limepita kwa shida. Mkojo safi. Wamempa mwaka mmoja.
Jioni barazani Mjomba alikuwa anasimulia jinsi dawa ya kamati ilivyofika Ubelgiji. Wazee wanaitikia. Athumani naye kaongezea, eti aliiona miguu ya shemeji ikiwaka. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, kikombe cha kahawa mkononi. Nilifungua mdomo mara moja, nikanywa.
Nimerudi nyumbani mapema. Mama kanigusa shingo kuona kama nina homa, mbona leo sisemi.