Ubao Mmoja, Amplifaya Tatu

Jumapili, saa tisa alasiri. Mji umenyamaza kwa joto. Feni inazungusha ile ile hewa moto iliyolala humu tangu asubuhi, na mimi nimejilaza sakafuni kwa sababu saruji ndiyo kitu pekee chenye ubaridi kidogo katika nyumba hii. Ubao wangu wa pedali uko kando yangu. Tunaangaliana.

Nimekwama. Nalisema mapema ili anayesoma asidhani kuna habari njema njiani.

Kwa wageni wa blogu hii (najua mko wachache, na nusu yenu ni dada zangu): mimi ni mwanamke mzaliwa wa Bungoma, mwalimu wa kemia katika shule ya wasichana hapa Garissa, mwaka wa tano sasa. Napiga gitaa la umeme. Katika mji huu nazijua amplifaya tatu za gitaa. Moja ni ya kanisa, inanguruma hata kabla hujaigusa. Mbili ni za Mama Shukri, anayekodisha hema, viti na vyombo vya harusi. Moja ni kali inachoma masikio, nyingine ina sauti nzito ya mtu mwenye mafua. Ubao wa pedali ni mmoja tu, na ni wangu.

Ni kipande cha plaiwudi nilichofungia pedali nne. Ya kwanza inatia mkwaruzo, ya pili inatia mwangwi, ya tatu inarudisha kila noti nyuma yake mara mbili tatu, na ya nne ni ya kupandisha na kushusha sauti. Gitaa linaingia upande huu likiwa uchi, linatokea upande ule limevaa nguo. Kwa kuwa kila amplifaya ina tabia zake, nimeweka alama kwenye vitufe vya kuzungusha kwa rangi ya kucha: nyekundu ya kanisani, nyeupe na waridi za Mama Shukri. Ukiufungua ubao wangu utadhani ni meza ya saluni.

Basi kila sherehe na kila ibada, ubao huo huo, mgongo huu huu. Nimeubeba mpaka nimeanza kutembea upande.

Jana ilikuwa shaash saar ya Hodan. Siku ya saba baada ya harusi, wanawake hukusanyika alasiri kumvisha bi harusi shaash, kitambaa cha kichwa cha mke wa mtu. Ndani ni uturi, ngoma, mashairi na vicheko ambavyo hakuna mwanamume anayeruhusiwa kuviona. Wanaume hukaa kwenye hema uani na chai yao ya maziwa ya ngamia. Katikati ya pande hizo mbili kuna mlango wenye pazia, na hapo mlangoni ndipo ninapokaa mimi na ubao wangu.

Nilipochoka kuhamisha waya kila mara, nilitengeneza kisanduku cha kugawa sauti. Kina swichi mbili za kukanyaga na taa mbili. Ikiwaka nyekundu, sauti inaenda kwa amplifaya ya wanawake. Ikiwaka kijani, inapita chini ya turubai hadi ile ya wanaume. Zikiwaka zote, inaenda kote. Nilikionea fahari sana kisanduku hicho.

Mchana nawapigia wanaume kidogo, nikiwa nyuma ya pazia. Mimi ni mgeni, ni mwalimu, ni Mkristo, kwa hiyo nasamehewa mengi mradi nisionekane. Baada ya swala ya alasiri inakuwa zamu ya wanawake, na hapo taa ya kijani lazima izime, kwa sababu hapo anayepiga si mimi tena.

Ni Filsan.

Filsan alikuwa mwanafunzi wangu. Sasa anapaka hina katika saluni ya jirani. Nilimfundisha kodi tatu za gitaa, zilizobaki alizitoa anakojua mwenyewe. Anauvuta uzi mpaka unalia kama wale kina mama wanaoimba buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali, na nimewaona wanawake wazima wakijifuta macho kwa ncha za dirac zao, yale magauni mapana mepesi. Mimi napiga vizuri. Yeye anapiga.

Kaka yake, Abdirahman, ndiye aliyemlea tangu baba yao afariki. Ana duka la simu na vifaa vya umeme. Si mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipo. Angekuwa mbaya tungemchukia tukamaliza. Aliwahi kusema mara moja tu kwamba gitaa halitalala nyumbani kwake, watu wasije wakasema ameshindwa kumlea binti ya baba yake. Kwa hiyo gitaa la Filsan linalala kwangu kando ya langu, ubao unalala kwangu, na yeye husema anakuja kwa Mwalimu kujifunza kompyuta. Miaka mitatu ya kompyuta. Angekuwa injinia sasa.

Jana Filsan alivaa dirac ya rangi ya machungwa, ndefu, ya kuburura chini. Alipoketi mahali pangu, pindo lilitandaa juu ya ubao na kisanduku chote kikafunikwa. Kabla hajaketi nilikuwa nimekanyaga swichi kuzima upande wa wanaume. Nilidhani nimekanyaga. Tulikuwa tumevua viatu, mguu wangu ulikuwa na jasho, na taa ambayo ingeniambia ukweli ilikuwa chini ya kitambaa.

Akapiga.

Akapiga mpaka shangazi mmoja wa Hodan akaacha ngoma yake akasikiliza tu. Dakika nne, tano. Halafu, kutoka nje, upande wa pili wa pazia, tukasikia makofi ya mikono mizito.

Vidole vya Filsan viliganda. Nikainua pindo la dirac. Taa zote mbili zilikuwa zinawaka.

Sijui ni nini kilichonituma. Ningezima tu. Badala yake nililinyakua gitaa mapajani mwake nikaendelea na wimbo ule ule, ili waliokuwa nje waamini mpigaji ni mmoja tangu mwanzo. Nilipiga vibaya. Mikono yangu ya Bungoma ilikuwa inakimbia mahali ambapo yake ilikuwa inatembea. Mtu yeyote mwenye masikio angejua.

Nilipokuwa nakunja nyaya, Abdirahman alikuja upande wake wa pazia. Hakuchungulia, lakini nilimjua kwa Kiswahili chake kinachogeuza p kuwa b. Filsan alikuwa nyuma yangu, amenishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Asalaam aleikum, Mwalimu. Wallahi, leo nani alibiga ile gitaa?"

"Ni mimi."

"Yote?"

"Yote."

"Haye. Mwezi ujao ni harusi yangu mimi. Nataka ubige kwa hema. Lakini ubige ile ya kwanza, Mwalimu. Si ile ya bili."

Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa! Mtu aliyekabwa koo husema neno lolote.

"Ticha, umetumaliza," Filsan aliniambia kaka yake alipokwisha kwenda. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

Sasa nifungue kidonda chenyewe. Kwenye droo ya meza yangu kuna barua ya uhamisho iliyofika Jumanne. Nimeiomba mara nne. Mama yangu Bungoma amezeeka, magoti yamemwisha, na simu zetu zote huishia na swali moja la lini. Natakiwa kuripoti huko mwanzoni mwa mwezi ujao. Harusi ya Abdirahman ni katikati ya mwezi huo huo. Sijamwambia mtu yeyote hapa.

Nikiondoka na ubao, Filsan anabaki na vidole tu, na gitaa lisilo na pa kulala. Na siku ya harusi kaka yake ataulizia ile ya kwanza, na hakutakuwa na mwongo wa kujibu. Nikibaki, uhamisho unapotea, na sidhani nitakuwa na nguvu ya kuomba mara ya tano. Usiku kucha nimeigeuza hesabu hii kama chapati. Inaungua pande zote.

Asubuhi nilikwenda kanisani, nikazungusha vitufe vyote hadi kwenye alama nyekundu, nikapiga nyimbo sita bila kusikia hata moja. Kiongozi wa kwaya aliniambia nimebarikiwa sana leo. Niliitikia amina huku nikijionea aibu.

Katikati ya mahubiri ndipo nilipokubali jambo ambalo nimelikwepa muda mrefu. Naliandika hapa kwa sababu kulitamka siwezi.

Namwonea wivu Filsan.

Nilijifanya kwamba ubao unanifunga hapa kwa ajili yake. Kwamba mimi ndiye kivuli chake, bila mimi ataungua. Lakini ukweli ni kwamba ubao unanipa jina. Mji huu una walimu wengi wa kemia waliotoka bara, ila mwenye ubao ni mmoja. Yeyote anayetaka sauti nzuri lazima apite kwangu, na Filsan pia. Nimelalamikia uzito wa mzigo huu miaka mitatu, na hakuna siku hata moja niliyomwambia aubebe nyumbani. Naam, gitaa limekatazwa nyumbani kwao. Lakini sikuwahi kuuliza tena. Nilifurahi kutouliza.

Si ile ya bili. Maneno hayo yananirudia tangu jana. Si kwa hofu peke yake.

Saa saba nilirudi, na mlinzi wetu akaniambia kuna mzigo wangu getini. Ulikuwa waya wa gitaa, mpya, umeviringwa vizuri, mzito. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa Abdirahman. Nimeusikiliza mara nyingi mno, naweza kuuandika wote.

"Mwalimu, habari ya kanisa. Nimeacha waya kwa geti. Hiyo yako ya jana ni fubi sana, mtu lazima akae kwa mlango. Hii ni refu. Inatoka hema mbaka chumba ya Filsan, na mlango inafungwa kabisa. Ni hiyo tu. Jumabili njema."

Anajua.

Pengine alijua jana kabla hajauliza. Pengine anajua tangu mwaka wa kwanza wa kompyuta. Hatalisema, na Filsan hatalisema, na siku ya harusi yake wanaume watakunywa chai hemani wakisikiliza gitaa, na hakuna atakayeuliza waya unaishia wapi.

Nilimpigia Filsan nikamchezeshea ujumbe ule. Akasema, "Amesema chumba yangu?" Nikamwambia ndiyo. "Ticha, hebu rudisha hapo kwa chumba." Nikarudisha. Alikuwa analia na kucheka, sikuweza kutofautisha.

Mimi nami nililia, lakini sijui nilikuwa nalilia nini hasa. Ni chumba kilichofungwa mlango na waya unaotoka nje kupitia chini yake. Sijui kama huko ni kufunguliwa au ni kupewa kifungo chenye nafasi zaidi. Yeye anaona ni jambo kubwa, na yeye ndiye anayekijua chumba hicho. Ninachojua ni kwamba kama waya unaweza kulala nyumba ile, ubao pia unaweza. Sababu yangu ya kubaki imeondolewa na waya ulioletwa getini ukiwa umeviringwa vizuri.

Niliuchukua waya nikaupima uani, kwa wazimu tu. Unatoka mlangoni kwangu, unazunguka tangi la maji, unafika getini na bado unabaki mwingi mkononi. Mlinzi aliniuliza kama nataka kuanika nguo.

Haufiki Bungoma.

Nimerudi ndani, nimechukua dawa ya kutolea rangi ya kucha, nimefuta alama zangu. Nyeupe, waridi, halafu nyekundu. Nyekundu ilikataa, nimeikwangua kwa ukucha. Filsan ana mkono wake na masikio yake, ataweka alama zake au asiweke. Kanisa nitaliambia wiki hii. Amplifaya yao itanguruma peke yake kwa muda, na Mungu amesikia mabaya zaidi.

Kesho alasiri, nikitoka shule, nampelekea ubao na gitaa lake nyumbani kwao, mlango wa mbele, mchana kweupe. Nimeliandika hapa ili nisipate pa kurudi. Dada zangu, mkiona nimeanza kutoa visingizio, nipigieni simu mnitukane. Na mwambieni mama kwamba jibu la swali lake ni mwezi ujao.

Nilidhani nikiamua nitapata wepesi, sijaupata. Miaka mitano si nguo ya kuvua mara moja.

Gitaa langu naondoka nalo. Huko nyumbani kuna amplifaya ya zamani ya mjomba, imejaa vumbi, nitalichomeka humo moja kwa moja, bila pedali, bila mwangwi wa kunifichia makosa. Nitapiga ile ya pili. Ndiyo yangu.