Wimbo Nilioufuta

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Huku hatujambo. Paa la jikoni halivuji tena; shemeji yako alipanda mwenyewe, nusura aanguke.

Kaka, nimeharibu. Nyimbo za Baba zimefika elfu tisa na ushei, nami ndiye ninayemgawia kwenye vile vimashine vitatu vya muziki anavyotembea navyo mfukoni. Juzijuzi nafasi ilijaa. Kompyuta ikanionyesha nyimbo zenye majina sawa, nikafuta nilizodhani zimejirudia. Mmoja haukuwa umejirudia. Ulikuwa ule wa mazoezini, Baba mwenyewe akipuliza tarumbeta na bendi yake.

Baba alisikiliza uliobaki, ule wa studio ambao bendi ilipiga bila yeye, mpaka mwisho, akachomoa waya masikioni. "Mmenitoa kwenye bendi," akasema. Leo siku ya nne hasikilizi kitu, na chakula anakidonoa tu.

Wimbo huo umebaki kwenye kimashine cha nne, kile ulichoondoka nacho siku mliyogombana na Baba. Tafadhali, usikichomeke kwenye kompyuta yoyote. Itakijaza nyimbo zake na kufuta zote zilizomo.

Asubuhi nilimwambia ukweli. "Baba, niliufuta mimi. Kaka anao. Nimwombe autume?"

Alikoroga chai mpaka ikapoa. Miaka sita hajakutaja, unajua.

"Asiutume," akasema.

Nikaanza kuondoa vikombe.

"Vitu hupotea njiani," akaendelea, bila kunitazama. "Mwambie aulete mwenyewe."

Njoo, Kaka.

Mimi mdogo wako