Maji ya Njano Gotini mwa Mama Mkwe

Shangazi Bermet mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako maana hapa nilipo sina mbele wala nyuma, nakuandikia nikiwa jikoni na mlango nimeutia komeo ili wifi yangu asinikute na kalamu.

Mimi ni mkaza mwana katika nyumba moja hapa Kochkor, mume wangu yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi, nami nimebaki na mama mkwe wangu, Zuurakan, fundi wa mazulia ya sufu yanayokatwa mapambo kwa mkasi, ambaye watu walikuwa wakimfuata kutoka mbali, na huu ni mwaka wa nne viungo vyake vinavimba, magoti, vidole, viganja, na daktari wa viungo wa Naryn alituambia si uzee wala si baridi, ni mwili unajishambulia wenyewe, akampa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, navyo vilimtia kichefuchefu lakini angalau mkasi alikuwa anaushika.

Basi theluji ilipoanza kuyeyuka jirani yetu akarudi kutoka kliniki moja ya mji mkuu, Bishkek, anatembea kama msichana, anasema katolewa damu mkononi, ikazungushwa kwenye mashine, wakachukua sehemu ya juu, plazma wanaiita, wakamchoma nayo gotini, damu yake mwenyewe, haina sumu wala madhara, nami nilivyomwona mama mkwe anavyoyatazama magoti ya yule mama nikasema potelea mbali, tutakwenda. Nilipopiga simu kliniki waliniambia aache dawa za maumivu siku chache kabla, mimi nikaona dawa ni dawa, nikaziweka zote juu ya kabati, na zile za kila wiki hapo hapo, na yeye akafurahi kupumzika na kichefuchefu.

Shangazi, kilichotumaliza ni neno. Yule daktari kijana wa Bishkek, Kirusi chake kinatiririka, Kikirgizi chake kinachechemea, aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, damu imetuama chini na juu maji ya njano, mama mkwe akauliza, "We mwanangu, hicho nini?" naye kwa fahari akajibu, "Sary suu ya damu yako, mama," maji ya njano ya damu, na wewe mtu wa huku unajua sary suu kwetu ndiyo ugonjwa wenyewe, ndiyo maji mabaya yanayojaa kwenye viungo, na kabla sijafungua mdomo sindano ilishaingia gotini. Mama mkwe hakulia, alinitazama tu, na tulipofika mlangoni kwetu akamwambia binti yake, "Wameutoa ugonjwa mkononi wakaumwaga gotini, na mkaza mwana wangu kasimama pembeni kanishikia koti."

Goti lile lilitulia kidogo nikashukuru Mungu, halafu vikawaka vyote, vidole, viganja, vifundo vya miguu, hata taya, asubuhi hawezi kujivua blanketi, bakuli la chai namshikia mimi mdomoni mpaka amalize, na vidole viwili vya mkono wa mkasi vimeanza kupinda upande. Wifi yangu Burulcha anaolewa vuli hii, zulia lake la harusi limeishia kwenye mapambo mawili tu yaliyokatwa, yale ya pembe za kondoo dume, ananiambia mbele ya majirani, "Wakaza mwana wa wenzetu huleta baraka, wewe umetuletea sindano! Kaka akirudi atamkuta mama gogo, na wewe utakuwa umesharudishwa kwenu." Mjomba wao ameitwa achinje kondoo mwisho wa mwezi wamfunge mama katika ngozi ikiwa bado ya moto, ivute yale maji, na mama mkwe amekula kiapo hatakanyaga hospitali tena.

Nikapiga simu Bishkek, muuguzi akasema, "Mlete kwa sindano ya pili, dada, mwambie ni vitamini, bomba la sindano tutalizungushia plasta asione rangi," na nakwambia kweli nimekaribia kukubali, maana nikimwona anafungua kifungo cha gauni lake kwa meno moyo wangu unakufa. Nimdanganye apone, au nimwache na ngozi ya kondoo? Na je, ni kweli nimemtia ugonjwa? Siku nyingine naamini. Natamani ardhi inimeze. Jina langu usilitaje.

Mkaza mwana wa Kochkor

SHANGAZI BERMET ANAJIBU:

Majina nimeyabadilisha yote, ingawa kwa habari ulizomwaga humu Kochkor nzima imeshakujua. Pole, mwanangu. Barua yako imeniumiza. Sasa futa machozi nikugombeze.

Ugonjwa hujamtia. Plazma ile ilikuwa yake, imetoka mkononi ikaingia gotini, na kijana yule alikosea ulimi tu. Lakini nyumba nzima mmekaa mnabishana rangi ya maji na hakuna hata mmoja aliyetazama juu ya kabati! Umeambiwa aache dawa za maumivu, ukamwachisha na ile iliyokuwa imeushika ugonjwa usiende mbali. Nadhani hapo ndipo moto ulipopata nafasi. Na hao wa Bishkek, waliochoma bila kuuliza mgonjwa anameza nini, ningewapa vipande vyao, ila hawakuniandikia wao.

Jirani yako huenda goti lake lilikuwa limechakaa tu, na hata kwa goti la namna hiyo madaktari bado hawajakubaliana kuhusu plazma. Mama mkwe wako anaungua viungo vyote. Huwezi kumwagia maji kizingiti ukasema umezima nyumba. Sindano ya pili iache, mpaka daktari wa viungo mwenyewe aseme ina kazi.

Vitamini? Thubutu! Mwanamke kachomwa kwa neno lililomtisha na hakuna aliyemweleza, na leo mnataka kumficha hata rangi? Atajua tu, na siku hiyo hutampeleka tena popote, hata kung'oa jino.

Vidonge usimrudishie kwa makadirio yako. Kile cha mara moja kwa wiki kikimezwa kila siku kinaweza kuua. Beba boksi lake, mpeleke kwa daktari wa Naryn, sema ulichomwachisha na lini, apime damu, aanze upya yeye. Kama ni kichefuchefu, kasemeni hapo hapo, kuna namna ya kukipunguza. Mjomba achinje, mle nyama. Ngozi mkitaka kumfunika ajisikie anapendwa, ngojeni ipoe na daktari akubali, lakini isishike nafasi ya dawa. Na Burulcha ashike mkasi. Mama yake amwelekeze kwa mdomo, si zulia la harusi yake?

Lipo moja ambalo sitakupaka mafuta. Vidole vilivyokwisha kupinda sidhani kama vitanyooka. Huenda zulia hili mama yenu asilimalize kwa mkono wake, wala jingine baada yake. Hilo lilieni, ni la kulilia. Lakini vidole vilivyobaki vinaharibika kila siku mnayongoja.

Unaogopa anaamini umemtia ugonjwa. Mbona umeandika mwenyewe kwamba asubuhi anakunywa chai mkononi mwako mpaka bakuli linakwisha? Anayeamini umemtilia ubaya hakufungulii mdomo. Basi kesho, akimaliza chai, mwambie daktari alikosea neno na wewe ulikosea vidonge, usifiche hata kimoja, huenda na kile kiapo chake kikalegea. Kisha mvishe koti, mfunge vifungo, mwende Naryn.