Kiyoyozi cha Safu ya Pili

Nyumbani,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Assalaam alaykum. Hujambo? Shemeji na wapwa zangu wazima? Na lile goti, bado linakusumbua au limeshakubali yaishe? Sisi tu wazima, ila Mama alininunia siku tisa nzima. Chai ananimiminia, salamu zangu haitikii!

Kisa ni msikiti wetu. Kamati imeamua tupunguze umeme na maji: paa lipakwe rangi nyeupe, maji ya udhu yaende kwenye miti, viyoyozi ving'olewe. Imamu kasema israfu ni israfu hata ndani ya nyumba ya ibada. Fundi wa kazi yote hiyo ni nani? Mdogo wako.

Kwenye maji kulizuka patashika. Wazee walidhani yatapelekwa chooni. Nilipowaonyesha mfereji na miche wakatulia, na sasa wanagombania kupalilia.

Kwa Mama nilikwama. Kile kiyoyozi cha safu ya pili alikitoa yeye, sadaka ya marehemu Baba. Nilidhani anahofia thawabu kukatika. Kumbe wapi! Unakumbuka Baba alivyoanguka kwa joto pale pale, swala ya Ijumaa, akatolewa amebebwa, asirudi. Mama anaogopa mume wa mtu mwingine asije akatolewa vile. Dada, niliona haya. Mimi namhubiria umeme, mwenzangu anaona jeneza.

Sikumbishia tena. Nilifungua yale madirisha mapana tuliyoyaziba siku kiyoyozi kilipofungwa, na juu karibu na dari nikajenga matofali ya matundu ili joto lipate pa kutokea. Jumatano, jua la saa nane, watu wameshaondoka, nikamwomba aje. Nikazima kila kitu. Akakaa pale safu ya pili karibu saa nzima. Jasho lilinitoka mimi, tena la woga.

Mwishowe akasema haya, king'oeni. Ila kila Ijumaa mahali pale usimame wewe, si mtoto wa mtu.

Jana nikasimama. Upepo ulipita vizuri tu. Nilipotoka nikamkuta Mama mlangoni na chupa ya maji. Hata viatu sijavaa, akanishika shingo mbele za watu, akaipapasa. Ilikuwa kavu. Hapo ndipo alipolia, nami nikalia naye.

Anakusalimu sana. Shangazi naye, na imamu pia. Msalimie shemeji, wabusu wapwa zangu. Mungu akutunze huko uliko.

Mdogo wako akupendaye kwa dhati,
Fundi Vumbi