Mama, Uliza Kwanza Ni Nani

Ruiru, Jumamosi, 15 Julai 1995.
Asubuhi ya manyunyu na baridi. Mibuni nyuma ya ploti haionekani kwa ukungu.

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kusugua ilikufikia? Sisi wanao tu hai, lakini Saumu hajiwezi, na sitaki kukuficha. Barua hii anakuletea dereva wa basi, maana posta itachelewa. Isome mpaka mwisho kabla hujampokea mgeni yeyote.

Tangu mwezi wa tano mimi na mdogo wangu Saumu tumepangwa zamu tofauti kiwandani Thika. Mimi mchana, yeye usiku, kwa hiyo mchana hulala chumbani peke yake. Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili, sita vikitazamana na sita. Siku tulipohamia, jirani yetu Mama Wanjiku alituambia, "Wale wa ng'ambo hatuwasalimii. Usiniulize kwa nini." Tukadhani ni ubaguzi tu, maana hata sisi sokoni tunaitwa wavivu wa Pwani. Basi tukawasalimia makusudi, kila siku.

Katika daftari langu la mwezi wa sita nimeandika: "Wiki tatu sasa, sijaona jiko hata moja likiwashwa upande ule. Hakuna maganda ya viazi, na watu ni kumi na wanne." Nilifikiri wanakula hotelini.

Saumu akaanza kukonda. Zahanati walisema damu imepungua, ale maini na mboga. Akala, akazidi kufifia. Ndani ya kiwiko alikuwa na alama mbili ndogo. Yeye alisema ni kunguni.

Jumatano umeme ulikatika kiwandani, nikarudi saa saba mchana. Nje ya mlango wetu nilikuta jozi tano za viatu zimepangwa vizuri. Nikajua ni msiba. Ndani, watu wanne walikuwa wamekaa mkekani kimya, kama wanaongoja zamu kwa kinyozi. Wa tano, Bi Tabitha wa chumba namba tisa, alikuwa ameinamia mkono wa Saumu, ananyonya.

Nilipiga yowe. Akapangusa mdomo bila haraka.

"Tulibisha hodi, mwanangu. Akasema karibu. Kila siku anasema karibu."

"Amelala! Hajui anachosema!"

"Sisi hatuulizi kama mtu yuko macho."

"Tokeni!"

Mmoja akacheka. "Si wewe uliyetukaribisha. Utatufukuzaje?"

Kweli, Mama, niliwavuta na hawakusogea, wazito kama magunia ya saruji. Mama Wanjiku akaja na ndoo ya maji. "Ngai! Mwanaisha, nani alikwambia mtu anasema karibu kabla ajue ni nani? Huku tunauliza kwanza!" Akammwagia Saumu maji. Mimi nikampiga makofi, Mungu anisamehe, mpaka akafumbua macho.

"Sema waende!"

"Nendeni," akasema, sauti kama ya mtoto mchanga.

Waliinuka papo hapo, wakavaa viatu mmoja mmoja. Mlangoni Bi Tabitha akageuka. "Mdogo wako anaongea sana usingizini. Msambweni, nyumba ya tatu baada ya msikiti. Mlango haufungwi mchana. Mama yuko jikoni, anaitikia bila kugeuka. Tutatuma wawili wakamjulie hali."

Kituo cha polisi walinicheka. Jana chumba namba kumi na moja kilitiwa kufuli, na wawili waliokaa humo sijawaona tena.

Mama, nakujua. Unakuna nazi, mtu anasema hodi, nawe unaitikia "Karibu, pita ndani" kabla hajamaliza. Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, funga mlango. Uliza ni nani. Akisema "ni mimi", uliza tena. Watasema umeota kiburi, waache waseme. Na kama ulishawakaribisha, sema "nendeni" wewe mwenyewe, kwa sauti, kabla hujapitiwa na usingizi.

Sisi kesho tunahamia Thika. Leo Saumu hawezi kutembea.

Nisalimie Bibi mzaa baba, naye aambiwe wa kwanza kwa kuwa husinzia barazani. Na mjomba muuza nazi, na shangazi mkunga, ambaye huamshwa na hodi za watu asiowajua. Huyo msomee barua yote.

Saumu amelala. Amejifunga kitambaa mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, asije akaitikia. Baada ya adhuhuri wamebisha mara tatu, kwa upole sana. Sikujibu.

Bintiyo anayekuomba ukubali kuitwa mkosa adabu,
Mwanaisha

Saa kumi jioni. Saumu ameamka, ameshika zamu ya mlango. Nimejifunga kitambaa. Nalala.